Simu ya ‘bure’ na yule anayeilipia

Kwenye mfuko wa mbegu, kwenye kijisanduku cha dawa ya mifugo na kwenye bango la benki, siku hizi hukosi kuliona tangazo fupi lisemalo: piga simu bure. Chini yake pana nambari inayoanza kwa 0800, au nambari fupi ya tarakimu tatu au nne. Mkulima wa ndengu wa Mutomo, mji ulio kusini mwa Kaunti ya Kitui kwenye barabara ya kuteremkia Kibwezi kule Makueni, huyasoma maneno hayo na kuyaelewa kwa njia moja: hapa hakuna anayelipa. Mfanyabiashara wa mji huohuo anayetamani kuwa na nambari kama hiyo kwa ajili ya wateja wake huyaelewa vivyo hivyo, mpaka bili ya kwanza ifike.

Je, kosa ni la nani? Nitadai katika makala haya kwamba sehemu kubwa ya kosa ni ya neno lenyewe. Neno bure linatueleza kwamba mpigaji hatoi kitu, kisha linanyamaza. Halisemi ni nani anayetoa. Na historia ya malipo ya mawasiliano katika eneo letu, tangu enzi za misafara hadi enzi za simu za mkononi, ni historia ya swali hilohilo moja: nani atalipa? Tukilifuatilia swali hili tutaona kwamba Kiswahili kimekuwa na uwezo wa kulijibu kwa ufasaha mkubwa, ila tumeuacha uwezo huo kabatini tukaenda kuazima neno lisilotufaa.

Hongo kabla haijawa hongo

Marekani, nchi iliyoeneza huduma hii ulimwenguni, huiita ‘toll-free’. Neno ‘toll’ ni la zamani na maana yake ni ada anayotozwa mtu ili apite: darajani, barabarani au bandarini. Kampuni za simu za huko zililiazima kwa ajili ya simu za masafa marefu, kwa kuwa sauti ya mpigaji nayo ni kama msafiri anayepita katika njia ya mtu mwingine. Kwa hivyo tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa ‘bila ada ya kupita’.

Ada ya namna hiyo si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyokwenda bara ilitakiwa kuwapa wenye nchi vitambaa, shanga au nyaya za shaba ili iruhusiwe kupita na kuteka maji. Malipo hayo yaliitwa hongo. Wasafiri wa Kizungu waliopita Ugogo waliyaandika, na Joseph Thomson aliyevuka Umasai mwaka wa 1883 na 1884 aliyalalamikia sana. Ukambani nako biashara ya masafa marefu ilikuwa imeshamiri. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani, naye ndiye aliyempokea mmishenari Johann Ludwig Krapf mwaka wa 1849.

Lililo muhimu kwa mada yetu ni kwamba hongo ilikuwa malipo ya wazi. Aliyetoa alijulikana, aliyepokea alijulikana, na kiasi kilijadiliwa hadharani, hata kama majadiliano yenyewe yaliweza kuchukua siku kadhaa. Leo neno hilo limebadilika maana likawa ni malipo ya chini ya meza, yale ambayo mtoaji na mpokeaji wote wawili hawataki yaonekane. Badiliko hili linatufunza jambo moja: malipo yakishafichwa, neno linaloyataja nalo huharibika. Tulikumbuke funzo hili tutakapofika kwenye bili.

Waya, maneno na dakika

Neno simu wataalamu hulihusisha na Kiajemi, ambako sim ni waya. Waya wa kwanza wa mawasiliano kufika visiwani kwetu ulipita chini ya bahari ukaiunganisha Zanzibar na Aden mwaka wa 1879. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka wa 1901 iliandamana na nguzo za simu, na kwa njia hiyo waya ulipita Kibwezi na Makindu.

Simu hiyo ya kwanza haikuwa ya kusema bali ya kuandika, yaani telegramu, nayo ilitozwa kwa kuhesabu maneno. Ukiwa na maneno mengi unalipa pesa nyingi. Hapa Kiswahili kilikuwa na faida ambayo wengi hawaizingatii. Mtu akiandika ‘nitakutumia’ ametumia neno moja tu, almuradi halizidi idadi ya herufi iliyowekwa. Mwenzake anayeandika Kiingereza anahitaji maneno manne kueleza jambo lilelile. Viambishi vyetu, vinavyobeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, vilikuwa akiba ya pesa mfukoni.

Ilipokuja simu ya sauti, kipimo kikawa wakati. Kwa desturi ya posta ya Kiingereza tuliyoirithi, simu ya masafa iliunganishwa na opereta na kuhesabiwa kwa vipande vya dakika tatu. Wazee waliowahi kupiga simu hizo wanakumbuka jinsi mtu alivyojipanga kabla ya kuingia kibandani: salamu fupi, habari yenyewe, kwaheri. Wengine waliandika kabisa mambo ya kusema kwenye karatasi.

Ni katika zama hizo za opereta tulipopata babu wa simu ya ‘bure’. Mtu asiye na sarafu angemwomba opereta aunganishe simu kwa gharama ya anayepigiwa. Opereta alimpigia mpokeaji kwanza, akamtajia jina la mpigaji na mahali alipo, kisha akauliza: utalipia? Akikubali, mnaunganishwa. Akikataa, basi. Kijana aliyekwama Mombasa angeweza kumfikia mjomba wake mwenye simu ofisini Nairobi bila kutoa hata senti moja. Lakini hakuna aliyeiita simu hiyo ya bure. Mjomba alijua vizuri nani analipa, kwa sababu aliulizwa na akajibu kwa kinywa chake.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa Marekani. Simu za gharama ya mpokeaji zilikuwa nyingi mno, na kila moja ilihitaji opereta wa kuuliza swali lile. Mwaka wa 1967 kampuni ya AT&T ilianzisha nambari za 800 kwa ajili ya mashirika makubwa. Shirika lilikubali mara moja, katika mkataba, kulipia kila simu itakayoingia. Kuanzia hapo hakukuwa na haja ya opereta kuuliza. Wazo hilo lilipendwa na wafanyabiashara kiasi kwamba kufikia mwaka wa 1996 nambari za 800 hazikutosha, ikabidi kuongezwa za 888.

Tuzingatie kilichotokea hapo. Hakuna gharama iliyoondolewa. Kilichoondolewa ni swali. Ile ‘utalipia?’ ya opereta iliyoulizwa kila mara sasa imejibiwa mara moja tu, katika karatasi ambayo mpigaji haioni na ambayo mwenye biashara mara nyingi haisomi hadi mwisho.

Sekunde ya 61

Nchini Kenya, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977, simu zilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali la posta na simu. Mwaka wa 1999 shirika hilo lilivunjwa, zikazaliwa Telkom Kenya, Shirika la Posta na tume ya kusimamia mawasiliano. Mwaka uliofuata Safaricom na Kencell ziliingia sokoni kwa kishindo, na vita vyao vya kwanza vilihusu jinsi ya kuhesabu.

Kencell ilitoza kwa dakika. Safaricom, chini ya Michael Joseph, ilitoza kwa sekunde. Tofauti hiyo yaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Anayetozwa kwa dakika akizungumza kwa sekunde 61 analipia dakika mbili kamili. Anayetozwa kwa sekunde analipia sekunde 61. Kwa mwenye kusema ‘nimefika salama’ na kukata, mfumo wa dakika ulimlipisha kwa kimya ambacho hakukitumia. Wachambuzi wengi wa biashara hulitaja jambo hilo kuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya Safaricom iwavute watu wa kipato cha chini, wakati mshindani wake alikuwa akiwalenga wenye makampuni.

Wananchi nao hawakukaa kitako. Walibuni njia yao ya kumlipisha mwingine: kuflashi, au kubipu kama wasemavyo Tanzania. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Ujumbe ni wazi: mimi sina kredo, wewe nipigie. Ni simu ya gharama ya mpokeaji isiyo na opereta, tena isiyo na mkataba. Ina adabu zake pia. Mtoto humflashi mzazi, mdogo humflashi mkubwa, na anayemwomba mwenzake msaada afadhali apige kabisa. Kampuni zilipoona hivyo zikaanzisha ujumbe wa kuomba kupigiwa, na mwaka wa 2019 Safaricom ikaleta huduma ya kuweka alama ya reli mbele ya nambari ili anayepigiwa aombwe kulipia. Yule opereta wa zamani alikuwa amerudi, safari hii akiwa sauti ya mashine, na swali lake ni lilelile: utalipia?

Kipindi hicho kilikitajirisha Kiswahili. Sambaza, Okoa Jahazi, Bonga na Bamba ni majina ya bidhaa ambayo yamekuwa maneno ya kila siku. Hata neno mteja limepata maana mpya ya kushangaza. Kwa kuwa sauti ya mashine husema ‘mteja’ unayempigia hapatikani, vijana husema ‘simu yake iko mteja’, wakimaanisha imezimwa. Neno lililomaanisha mtu wa kuthaminiwa dukani sasa lamaanisha pia mtu asiyepatikana!

Lakini angalia maneno hayo yote yako upande gani. Ni maneno ya kuuza, ya kukopesha na ya kuzawadi. Ukiugeuza upande wa pili, wa mkataba na bili, Kiswahili kinatoweka na Kiingereza cha wanasheria kinashika usukani. Tunavutwa kwa Kiswahili na kutozwa kwa Kiingereza.

Bili ya ushirika wa ndengu

Sasa turudi Mutomo. Tuchukue mfano wa kubuni: ushirika wa wakulima wa ndengu unaotaka wanachama wake wa Ikutha, Kanziko na Mutha wapige simu kuuliza bei na siku ya kununuliwa mazao bila kukatwa kredo. Ni nia njema, maana mkulima anayekosa habari huuza kwa dalali kwa bei ya kutupa. Katibu wa ushirika anapiga hesabu ya haraka. Simu 300 kwa mwezi, kila moja dakika mbili, bei ya dakika tuseme shilingi 3. Jumla shilingi 1,800. Anaona inawezekana, anatia saini.

Bili inakuja na shilingi 7,470 na senti 40. Imekuwaje? Tuisome mstari kwa mstari. Bei zangu ni za mfano tu, lakini mistari yenyewe ndiyo iliyomo katika bili za namna hii.

Mstari wa kwanza ni ada ya laini ya kila mwezi. Hii hulipwa hata kama hakuna aliyepiga. Tuseme ni shilingi 2,000.

Mstari wa pili ni muda. Katibu alihesabu dakika mbili za mazungumzo. Lakini saa ya mtandao haianzi mtu anapoanza kuzungumza. Huanza simu inapopokelewa, na kwa kawaida anayeipokea kwanza ni mashine: karibu, kwa Kiswahili bonyeza moja, kwa Kiingereza bonyeza mbili, tafadhali subiri. Kisha muziki. Mkulima akingoja dakika mbili na kuzungumza dakika mbili, ushirika umelipia nne. Simu 300 zinakuwa dakika 1,200, yaani shilingi 3,600. Nusu ya pesa hizo imelipia muziki. Na kama mkataba unasema dakika isiyokamilika itahesabiwa kuwa kamili, ile sekunde ya 61 tuliyodhani tuliizika mwaka wa 2000 inafufuka hapa.

Mstari wa tatu ni kodi. Ada na muda kwa pamoja ni shilingi 5,600. Ushuru wa bidhaa kwa huduma za simu ni asilimia 15 tangu Julai 2023, uliposhushwa kutoka asilimia 20. Hiyo ni shilingi 840, na jumla inakuwa 6,440. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ni asilimia 16, nayo hutozwa juu ya jumla iliyokwisha kubeba ushuru. Hiyo ni shilingi 1,030 na senti 40. Ndiyo ile 7,470.40, zaidi ya mara nne ya makadirio ya katibu.

Kuna mistari mingine inayoweza kujitokeza. Simu inayotoka mtandao mwingine huweza kutozwa bei tofauti, kwa sababu mitandao hulipana. Kwa simu ya kawaida, mtandao wa mpigaji huulipa ule wa mpokeaji ada ya kuifikisha simu. Ada hiyo ilishushwa na msimamizi wa sekta kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21 mwaka wa 2010, na kufikia Machi 2024 ilikuwa senti 41 tu. Kwa nambari ya 0800 deni hugeuka: anayeimiliki nambari ndiye chanzo cha pesa, na mtandao alikotokea mpigaji hudai sehemu yake. Kisha kuna simu zilizokosewa nambari, watoto wanaochezea simu, na mwenye mizaha anayeona raha kwa kuwa kwake hakukatwi kitu. Zote zikipokelewa huhesabiwa.

Kwa hivyo, kabla ya kutia saini, katibu ana maswali matano ya kuuliza, tena ayaulize kwa Kiswahili ajibiwe kwa Kiswahili. Ada ya laini ni ngapi? Tunahesabiwa kwa sekunde au kwa dakika? Saa inaanza wakati gani? Simu za mitandao mingine zinaingia, na kwa bei gani? Bei uliyonitajia ina kodi au haina? Pia anaweza kuomba kiwango cha juu cha matumizi kwa mwezi, na kuhakikisha salamu za mashine ni fupi kama telegramu.

Neno linalofaa lipo

Sasa tulitazame neno lenyewe. Bure katika Kiswahili lina sura mbili. Ni kitu kisichotolewa malipo, na pia ni kitu kisicho na maana: kazi bure, amekufa bure, maneno ya bure. Tunalo bwerere, tunalo bure bilashi, na mitaani wapo wasemao dezo. Yote haya humtazama anayepokea tu. Aliyetoa hayumo.

Lakini Kiswahili kina kitenzi lipa na kauli zake. Mimi nalipa. Nikikulipia, natoa pesa kwa niaba yako, na hii ndiyo kauli ya kutendea. Ukilipiwa, umepata kitu bila kutoa kwa kuwa kuna mwingine aliyetoa, na hii ni kauli ya kutendewa. Nikikulipisha, nakufanya utoe. Kwa silabi moja au mbili tu lugha yetu inaeleza nani ametoa, kwa niaba ya nani, na kwa shinikizo la nani. Wale waliosimama kwenye vibanda vya simu zamani waliujua ukweli huu bila kusoma isimu. Walisema ‘nimelipiwa’, hawakusema ‘nimepata bure’.

Ndiyo maana napendekeza tuseme simu ya kulipiwa. Mpigaji akisikia kwamba atalipiwa, anajua hatakatwa kitu, na papo hapo anajua kuna mtu upande wa pili ambaye kila sekunde inamgharimu. Huenda akafupisha maneno, huenda akaacha mizaha. Na katika mkataba iandikwe waziwazi laini ya mpokeaji kulipa. Katibu wa ushirika akikutana na maneno hayo juu ya karatasi hatahitaji mwanasheria kumfafanulia bili itakwenda kwa nani.

Wapo watakaosema kwamba tunapasua nywele, na kwamba bure ni neno fupi linaloeleweka na kila mtu. Wana hoja, hasa pale maisha yanapohusika. Mtoto anayepigwa nyumbani na kuambiwa apige 116, nambari ya Childline Kenya, hahitaji somo la kauli za vitenzi. Vivyo hivyo mama anayetafuta msaada wa dhuluma za kijinsia kwa 1195, au aliyepiga 719 mwaka wa 2020 akiogopa kwamba ameambukizwa korona. Hao wanahitaji kujua jambo moja tu, kwamba hata bila kredo simu itapita.

Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kulichunga neno. Bure limeanza kubandikwa kila mahali. Kuna ‘dakika za bure’ zinazopatikana baada ya kununua kifurushi. Kuna nambari ya ‘huduma kwa wateja’ ambayo tangazo lake halisemi kama utakatwa au la, na watu hudhani ni bure kwa sababu kampuni ni kubwa. Kuna nambari ya bure inayopita kwenye mtandao mmoja tu. Kila mara mtu wa kijijini anapopiga nambari aliyoambiwa ni ya bure akakuta kredo yake imeliwa, neno hilo hupoteza chembe ya uaminifu wake. Siku atakapoambiwa 116 ni bure, ataamini? Hongo ilianza kama ada ya halali ikaishia kuwa jina la uozo. Bure nalo, tusipolilinda, litabaki na ile maana yake ya pili tu.

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga, na kabla ya kulipa sharti deni lijulikane ni la nani. Msimamizi wa mawasiliano na kampuni za simu wanaweza kuanza na jambo dogo lisilo na gharama kubwa: kila tangazo la nambari liseme nani analipa, na kila mkataba wa biashara ndogo uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja ada, kipimo cha muda na kodi. Na sisi waandishi, watangazaji na walimu tuanze kulisema neno kulipiwa hadi lizoeleke.